Mpango kabambe wa miaka 20 kwa mji wa pwani unaopigwa na vimbunga: Beira inatufundisha tuanze na nini?

Mpangamji wa Kusini ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nafanya kazi katika idara ya mipango miji ya halmashauri moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania, na tumeanza kuandaa mpango kabambe utakaoongoza matumizi ya ardhi ya mji wetu kwa miaka 20 ijayo. Kwa muda mrefu sisi wa ukanda huu tumepanga miji kana kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska peke yake, ilhali kumbukumbu zetu wenyewe zinasema vingine. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza merikebu za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Mtwara ilitangaziwa hatari na watu wakahamishwa kabla ya kimbunga Kenneth kutua upande wa pili wa mto Ruvuma, huko Cabo Delgado, Msumbiji. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, katika msimu wa mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga.

Katika vikao vyetu hoja imegawanyika. Wapo wanaotaka fedha za mwanzo ziende kwenye ukuta wa bahari, kwa kuwa wameuona ule uliojengwa ufukweni Dar es Salaam kando ya Ocean Road, nao unaonekana kwa macho na wananchi wanauelewa. Wapo wanaosema tuanze na mifereji ya maji ya mvua. Na wapo wanaosema kwanza tuwahamishe wakazi wa mabondeni, kisha ndipo tupange. Mimi nimekuwa nikisoma habari za Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, kwa sababu mji ule ulikuwa tayari na mpango kabambe wa kufikia mwaka 2035, ulioandaliwa kwa msaada wa Uholanzi, kimbunga Idai kilipotua usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Ni nadra sana mpango wa muda mrefu kupata mtihani mkali namna hiyo ukiwa bado katika miaka yake ya mwanzo.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Katika yale yaliyofanywa Beira kabla ya Idai, yapi yalisimama na yapi yalianguka? Na mji wenye bajeti ndogo, ambao tayari una maelfu ya watu kwenye maeneo yasiyopimwa, uanze na lipi katika kurasa za kwanza za mpango wake?

Mhandisi wa Mifereji amejibu:

Ndugu Mpangamji, asante kwa swali lililoandaliwa vizuri. Nitaanza na umbile la mji wenyewe, maana bila hilo mpango wao haueleweki. Beira imejengwa kwenye mdomo wa mto Pungwe, juu ya ardhi ya kinamasi, kwa ajili ya bandari na reli iliyoelekea nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tofauti kati ya kupwa na kujaa kwa bahari wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa kuliko kawaida, huko huzidi mita 6, ambapo kwetu Tanzania hukaribia mita 4. Sehemu kadhaa za mji ziko chini ya kiwango ambacho bamvua hufikia. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda: lango la mfereji ni lazima lifungwe ili bahari isiingie mjini, na kwa saa kadhaa mvua yote hubaki ndani mpaka bahari ipwe na lango lifunguliwe. Hesabu ya mji wa namna hii iko hapo. Lango hufungwa kwa saa ngapi, mvua kiasi gani hunyesha katika saa hizo, na limebaki eneo kubwa kiasi gani la kuyashikilia maji hayo yakisubiri?

Kazi mbili zilizofanywa kabla ya Idai zilijibu swali hilo moja kwa moja. Ya kwanza ni mto Chiveve, unaopita katikati ya mji na kufuata kupwa na kujaa kwa bahari. Mto huo ulikuwa umezibika kwa tope na takataka, na mdomo wake ulikuwa umebanwa. Kwa fedha za Ujerumani ulichimbwa upya, ukawekewa lango mdomoni, na mikoko ikapandwa kingoni. Baadaye eneo lake likageuzwa bustani ya wananchi, jambo ambalo watu wengi huliona kuwa la mapambo, kumbe ndilo linalozuia mtu kujenga humo. Kazi ya pili ilifanywa kwa fedha za Benki ya Dunia: takriban kilomita 11 za mifereji mikuu zilichimbwa na kusakafiwa, milango ya kudhibiti maji ikajengwa pale mifereji inapokutana na bahari, na upande wa Maraza likachimbwa bwawa kubwa la kupokea maji ya mvua.

Idai kilipofika, kazi hizo zilisimama. Upepo uliharibu sehemu kubwa mno ya mji, lakini katika mitaa iliyohudumiwa na mifereji mipya maji yalitoka upesi kuliko ilivyokuwa kawaida ya mji huo hata katika mvua zisizo na kimbunga. Hilo lina uzito kwa afya ya watu. Baada ya Idai kipindupindu kiliwapata zaidi ya watu 6,000 katika eneo hilo la Msumbiji, na kila siku ambayo maji machafu hukaa mtaani huongeza hatari hiyo.

Sasa yaliyoanguka. Upande wa bahari ulikuwa dhaifu: kuta na vizuizi vya mchanga vya enzi za Wareno vilikuwa vimechakaa, matuta ya mchanga yalikuwa yamepungua, na mivinje iliyokuwa ikiyashika ilikuwa imekwisha katika sehemu nyingi. Praia Nova, makazi ya wavuvi yaliyojengwa juu ya mchanga wenyewe, yalifagiliwa. Hospitali Kuu ya mji ilipoteza mapaa yake wakati ilipohitajika kuliko siku nyingine yoyote. Umeme ulikatika, na maji ya bomba yakakatika pamoja nao, kwa sababu yanasukumwa kutoka mto Pungwe nje ya mipaka ya mji. Barabara kuu namba 6, ambayo ndiyo njia ya nchi kavu ya kuingilia Beira, ilikatwa na mafuriko, na mji wa watu zaidi ya 500,000 ukawa kisiwa.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha, nami naomba uliandike katika mpango wako kwa wino mzito. Idai kilitua wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana. Mwezi ulikuwa katika robo yake ya kwanza tarehe 14 Machi, na mwezi mpevu ulifika wiki moja baadaye. Kama kimbunga kilekile kingechelewa siku 6 au 7 na kuingia saa ya kujaa, maji ya dhoruba yangepanda juu ya bamvua yenye mita kadhaa zaidi, na hakuna mfereji wala lango lililojengwa ambalo lingeyazuia. Anayepima uimara wa mji kwa kutumia Idai peke yake anapima kwa kipimo kilichopunguzwa na bahati.

Jambo jingine ni kwamba sehemu kubwa ya waliokufa hawakufia mjini. Walikufa katika mabonde ya Buzi na Pungwe, mito ilipofurika siku zilizofuata na kugeuza nchi kavu kuwa ziwa. Waliokufa nchini Msumbiji ni zaidi ya 600. Mpango wa mji unaoishia kwenye mpaka wa manispaa haufiki mahali ambapo maji yanatoka.

Nikijibu swali lako la mwisho: anza na ardhi ya maji. Kabla ya ukuta na kabla ya kuchimba mfereji wowote mpya, pima miinuko ya mji wote kwa usahihi wa sentimita, uunganishe vipimo hivyo na kiwango cha bamvua, kisha uchore maeneo ambayo maji yatakaa lango likiwa limefungwa. Maeneo hayo yakishajengwa, hakuna fedha itakayoyarudisha kwa bei ambayo halmashauri inaweza kuimudu. Ukuta unaweza kujengwa hata miaka 10 baadaye, na mfereji unaweza kupanuliwa, lakini bonde lenye nyumba 3,000 limekwisha kupotea.

Msimamizi wa Majengo amejibu:

Nakubaliana na Mhandisi kuhusu ardhi ya maji, ila naomba nimkumbushe ndugu Mpangamji kwamba uharibifu mkubwa wa Beira ulitokana na upepo, na upepo hauchagui bonde wala mlima. Mpango kabambe unaozungumzia matumizi ya ardhi bila kuzungumzia namna nyumba inavyojengwa utaacha nusu ya hatari bila kuguswa.

Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi katika miji yetu ya pwani. Nyumba ya kawaida ya mwananchi ina kuta za matofali ya saruji, kenchi za mbao zilizokalishwa juu ya ukuta kwa misumari miwili au mitatu, na mabati ya geji nyembamba. Upepo wa kimbunga hauanzi kwa kuusukuma ukuta. Unaingia chini ya ukingo wa paa, unalinyanyua, na paa likishaondoka ukuta uliokosa mkanda wa zege juu yake hauna kinachoufunga, unaanguka juu ya waliojificha ndani. Tiba yake inajulikana na haina gharama ya kutisha: mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya linta, nondo au bendi ya chuma inayotoka kwenye mkanda huo na kuifunga kenchi, paa lenye miteremko minne badala ya miwili, kingo fupi, na veranda yenye paa lake la pekee ili likichukuliwa lisivute paa la nyumba. Haya yote fundi wa mtaani anaweza kuyafanya akielekezwa, na fundi huyo ndiye anayejenga mji wetu, kwa kuwa nyumba nyingi hazipiti kabisa mikononi mwa mkandarasi aliyesajiliwa. Kwa hiyo mpango uwe na fungu la kuwafundisha mafundi na kuwapa michoro rahisi isiyotozwa ada ya kibali, na uamuru kwamba kila shule, zahanati na ofisi ya kata inayojengwa kuanzia sasa ifuate viwango vya upepo mkali, kwa sababu hayo ndiyo majengo watu watakayokimbilia.

Kuhusu kuwahamisha watu, nawasihi wanaoshikilia hoja hiyo vikaoni watazame yaliyofuata baada ya Idai. Baadhi ya familia za Praia Nova zilipelekwa Mandruzi, katika wilaya ya Dondo, mbali na bahari. Walipewa viwanja na ardhi salama. Lakini mvuvi anayeamka alfajiri kulifuata bamvua hawezi kuishi mbali na chombo chake, na wapo waliorudi pwani. Sisi wenyewe tuliyaona Dar es Salaam baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa bonde la Msimbazi walipopelekwa Mabwepande. Mtu huhamia mahali penye kazi, soko na usafiri, hata kama pana maji. Mpango ukitaka kuwaondoa wavuvi juu ya mchanga, uwatafutie kwanza ardhi ya juu iliyo karibu na diko lao, hata kama ni ghali, na uache ufukweni shughuli za mchana tu: mnada wa samaki, ukaushaji, utengenezaji wa vyombo na nyavu.

Mpangamji wa Kusini:

Nawashukuru sana. Hoja ya maji mafu nitaiwasilisha katika kikao kijacho, kwa sababu wengi wetu tumekuwa tukisema "tujiandae kwa kimbunga kama Idai" bila kujua kwamba tunajiwekea kipimo cha chini.

Nina wasiwasi mmoja. Tumeshawahi kuchora maeneo ya wazi kwenye ramani. Bonde la Msimbazi lilitajwa kuwa ardhi hatarishi tangu mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1979, na kila mtu anajua kilichotokea humo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na bado tunajenga. Je, Beira walifanya nini ili mpango wao usibaki karatasi? Na ni nani atakayelilinda eneo la maji kwa miaka 20, wakati mkurugenzi hukaa miaka michache na baraza la madiwani hubadilika kila uchaguzi?

Diwani Mstaafu amejibu:

Mwanangu Mpangamji, hilo ndilo swali ambalo tulipaswa kujiuliza tangu zamani, nami nitakujibu kama mtu aliyekaa upande wa meza ambapo mipango hupitishwa na kusahauliwa.

Nianze na Beira. Mji ule ulibahatika kuwa na meya mmoja kwa muda mrefu. Daviz Simango, aliyesomea uhandisi, alichaguliwa mwaka 2003 na aliongoza mpaka alipofariki Februari 2021. Alikuwa wa upinzani, na uhusiano wa manispaa yake na serikali kuu haukuwa mwepesi, lakini mwendelezo ule ulimwezesha mtu aliyeagiza mpango kubaki ofisini wakati unatekelezwa. Sisi hatuwezi kupanga kwa kutegemea bahati hiyo, na wala Beira haikutegemea mtu peke yake: miradi ya Chiveve na mifereji ilikuwa na mikataba ya fedha yenye masharti, na eneo lililokwisha kuwa bustani yenye njia za kutembea, miti na walinzi lilikuwa na watumiaji wa kulitetea. Ramani ya Dar es Salaam ya 1979 haikuwa na mtu wa kuitetea. Baada yake ilipita zaidi ya miaka 30 bila mpango mwingine kukamilika, na katika miaka hiyo watu walinunua, walijenga, walilipa kodi ya jengo na kuunganishiwa umeme mahali ambapo ramani ilisema pasijengwe. Ofisi moja ya umma inakataza na nyingine inapokea malipo. Mwananchi atamwamini nani? Bomoabomoa iliyokuja baadaye iliwaumiza watu ambao serikali yenyewe ilikuwa imewahudumia, na naona hilo kuwa kosa la kiutawala kabla ya kuwa kosa la mkazi.

Kwa hiyo eneo la maji lipewe kazi tangu mwaka wa kwanza. Viwanja vya michezo, bustani za mboga za msimu wa kiangazi, malisho, vitalu vya miche, mikoko pale maji ya chumvi yanapofika. Liwekewe mawe ya mpaka yanayoonekana, na serikali ya mtaa ipewe sehemu ya mapato ya kukodisha eneo hilo, ili mwenyekiti wa mtaa awe na sababu ya kukataa kutia sahihi mauziano ya kienyeji. Kwetu, kama ilivyo Msumbiji, ardhi ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia, hivyo halmashauri ina nguvu ya kisheria kubwa kuliko inavyodhani. Pia ombeni mashirika ya umeme na maji yaandike katika taratibu zao kwamba hawataunganisha huduma ndani ya mawe hayo. Kibao cha "Hapajengwi" hakijawahi kumzuia mtu, lakini kukosa umeme humzuia.

Kuhusu fedha, naomba msidanganyike na takwimu za wafadhili. Baada ya Idai Beira iliandaa mpango wa kurejesha na kuimarisha mji uliokadiriwa kugharimu dola milioni 888. Katika mkutano wa wafadhili uliofanyika mjini humo mwishoni mwa Mei 2019, nchi nzima iliomba takriban dola bilioni 3.2 na ikaahidiwa bilioni 1.2. Na ahadi haikuzuia vimbunga vingine kuja: Chalane kilifika Desemba 2020, na Eloise kikafuata Januari 2021, watu wangali chini ya maturubai. Mji unapaswa kuwa na kazi ambazo utazifanya kwa fedha zake hata kama mfadhili hatakuja, na ya kwanza katika hizo ni matengenezo. Mfereji mzuri uliojaa mchanga na chupa za plastiki hauna tofauti na mfereji usiokuwepo. Fungu la kusafisha mifereji kabla ya vuli na kabla ya masika liwekwe ndani ya mpango wenyewe kwa asilimia ya mapato ya ndani, si kuachiwa bajeti ya kila mwaka ambayo sisi madiwani tumekuwa tukiipunguza kila tulipotaka kujenga ofisi.

Mhandisi amesema pima miinuko kwanza, nami naongeza kwamba vijana wa mitaa washirikishwe katika upimaji huo, kama ilivyofanywa na Ramani Huria Dar es Salaam kuanzia 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walichora mifereji na nyumba za mitaa yao wenyewe na kuonyesha maji yalifika wapi katika mafuriko waliyoyakumbuka. Wazee wa Lindi waliokuwa watoto mwaka 1952 wamebaki wachache. Waulizwe sasa maji yalifika wapi, alama ziwekwe ukutani mahali hapo, na vipimo vyake viingizwe kwenye ramani yenu kabla rasimu ya kwanza haijaenda kwenye baraza.